Chuma cha Miguu ya Fausta

Nataka ieleweke mapema kwamba mimi sikuwa mjinga. Watu wakisikia habari hii husema, ah, yule bibi wa Balangdalalu hakuelewa mambo ya hospitali. Nilielewa yote. Nilielezwa kwa Kiswahili, nikaelezwa tena kwa Kidatoga, na mara zote mbili nikaitikia kwa kichwa. Nilichokifanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, tena kwa kumpenda mtoto, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mjukuu wangu Fausta alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 2006, mguu wake wa kushoto ukiwa umepinda. Unyayo ulikuwa umegeukia ndani kabisa, kisigino kimevutwa juu, na ukimsimamisha ungeona angekanyagia ubavu wa mguu badala ya unyayo. Mimi nilisema tumwache, maana nimeona watu wenye miguu ya namna hiyo wakichunga ng'ombe mpaka wakazeeka. Mama yake alikataa. Mama yake ni Restituta, Mwiraqw wa Dongobesh, msichana wa shule na kanisa ambaye mwanangu Festo alimuoa bila kuniuliza sana. Festo mwenyewe alikuwa Mirerani kwenye machimbo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na huyu mkamwana tu, kila mmoja na kiburi chake. Restituta alilia siku moja tu. Mtoto alipotimiza wiki tatu alimfunga mgongoni, akampeleka hospitali ya misheni, akakaa huko kwa shangazi yake zaidi ya miezi miwili.

Kule kulikuwa na kijana anaitwa Nikolausi, ambaye kazi yake ni hogo tu, ile plasta nyeupe inayofungwa ikiwa mbichi na kukauka ikawa ngumu kama ukuta. Kila wiki alilifungua hogo, akaukanda mguu polepole, akaugeuza kidogo kuelekea nje, akafunga jingine. Fausta alifungwa mara sita. Kisha daktari akakata kidogo ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ili kisigino kishuke, wakafunga hogo la mwisho. Mguu ulirudi nyumbani umenyooka. Nilimpokea mtoto, nikaugeuza ule mguu huku na huku kama mtu anayekagua ndama mnadani, na nikakubali kimoyomoyo kwamba nilikuwa nimekosea. Kwa mdomo sikusema.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Fausta alirudi na viatu viwili vidogo vya ngozi, viko wazi mbele, vimeunganishwa kwa fimbo ya chuma, na vidole vya miguu yote miwili vinatazama nje. Miezi mitatu ya kwanza avae usiku na mchana. Baada ya hapo avae kila anapolala, mpaka atimize miaka minne. Nikolausi alikuwa amemwambia Restituta maneno ambayo aliyarudia kwangu mpaka nikachoka nayo: "Mguu huu haujasahau ulikotoka. Mkiuacha bila viatu, unarudi."

Mwaka ule tulikwenda vizuri. Fausta alilala kwangu, kama wajukuu wanavyolala kwa bibi, kwenye ngozi yangu, na chuma kile kilinigonga mbavuni nisilalamike. Kisha ikaja mvua ya Desemba. Wanaoikumbuka mvua ya mwaka ule wanajua ninachosema. Barabara ya kwenda Katesh ilikatika sehemu tatu na magari yakakwama huko huko. Katikati ya mvua hiyo ndama mmoja aliingia ndani kujikinga, akakanyaga viatu vya mtoto, fimbo ikavunjika vipande viwili.

Restituta alikaa siku mbili akivitazama vile vipande. Siku ya tatu aliondoka na mtoto asubuhi bila kuaga, akarudi mchana na fimbo mpya. Ilikuwa nyeusi, imara, ncha zake zimetobolewa vizuri ili skrubu ziingie. Nilimuuliza ameitoa wapi.

"Kwa Gwandu, mama," akasema.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanacheka. Gwandu ni mhunzi. Kwetu ukoo wa wahunzi ni watu wa peke yao. Wanakaa mbali na maboma ya wengine, hawaoi kwetu wala sisi hatuoi kwao, hatuingii nyumbani kwao, hatunywi maziwa yao. Nililelewa nikiambiwa kwamba anayechanganyika nao watoto wake hawakui, wanakauka mmoja mmoja. Na mtu asiniulize bangili za shaba zilizojaa mikononi mwangu zilifuliwa na nani. Najua. Mikuki ya baba yangu pia. Lakini nyumbani kwetu kitu cha mhunzi kilinunuliwa kwa mbali, kikapakwa samli, ndipo kikaingia bomani. Mama yangu alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo.

"Alimshika mtoto?" nikauliza.

"Alimpima mabega, mama. Fimbo inatakiwa ilingane na mabega. Halafu akaushika mguu aone unavyokaa kwenye kiatu."

"Na mtoto alikula huko?"

"Alilia njaa. Mke wa Gwandu akampa maziwa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, maana ningebaki ndani ningesema maneno ya kuvunja nyumba. Katika maisha yangu nimezika watoto watatu, wawili kabla hawajatembea. Mtu aliyezika watoto hana moyo wa kujaribu mambo. Restituta alikuwa hajazika mtu. Kwake yeye ile ilikuwa fimbo tu.

Jioni ile alimvalisha Fausta viatu, akafunga mikanda, akanikabidhi kama kawaida. Nilimlaza, nikasubiri nyumba itulie, nikavifungua. Nilikuwa nimeshaipaka fimbo samli, lakini moyo ulikataa bado. Alfajiri, kabla Restituta hajatoka kukamua, nikamvalisha tena. Nilijiambia ni siku chache tu, mpaka barabara ifunguke tupate fimbo ya hospitali.

Barabara ilifunguka Februari. Sikusema kitu. Restituta aliona fimbo ni nzima, mtoto analala, na shamba linasubiri palizi, akaahirisha safari. Kila jioni alifunga mikanda ile kwa uangalifu, akipitisha kidole kuona kama imebana sawasawa, na kila usiku mimi nikaifungua. Mtoto alilala vizuri kuliko zamani. "Siku hizi hasumbui kabisa," Restituta alisema siku moja. "Nakushukuru, mama, kwa kuvumilia kile chuma." Alinishika mikono yote miwili akinishukuru, na mimi nikaipokea shukrani ile nikanyamaza.

Fausta alianza kutembea mwezi wa tatu. Kufika mwezi wa tano niliona kwamba mguu wa kushoto anaukanyagia pembeni. Nilijiambia watoto wote hutembea hovyo wanapoanza. Hata hivyo kila alfajiri, kabla ya kumvalisha viatu vya uongo, niliusugua ule mguu kwa samli na kuuvuta kuelekea nje kwa mkono wangu. Mtu asiye na wasiwasi hafanyi hivyo. Nilijua, ila sikutaka kujua.

Mwezi wa sita tukaenda hospitali. Nilijitolea kumbeba mtoto, maana niliogopa kubaki nyumbani kusubiri habari. Kwenye benchi kulikuwa na kina mama wengi, wa Mbulu, wa Hanang, wengine wametoka upande wa Singida, kila mmoja na mtoto wake na mguu wake. Nikolausi ni kijana mwembamba, mikono yake imekauka kwa unga wa hogo. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Alimketisha Fausta mezani, akaushika mguu, akaacha kutabasamu.

"Mama Fausta, viatu havikuvaliwa."

"Vimevaliwa," Restituta akasema. "Kila siku. Namfunga mwenyewe."

"Mama, mimi hii ndiyo kazi yangu. Mguu unaovaa viatu naujua, na usiovaa naujua. Huu haujavaa kwa miezi mingi."

"Haki ya Mungu, kaka Niko! Muulize bibi, yeye ndiye analala naye."

Wakanigeukia wote wawili, na kina mama wa kwenye benchi nao wakageuka. Nilifungua mdomo nikasema, "Anamfunga. Kila jioni namwona akimfunga." Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika maneno yale, na sijawahi kusema uongo mbaya kuliko ule.

Nikolausi hakubishana na mzee. Restituta akaanza kutafuta sababu. "Basi ni fimbo," akasema. "Ya hapa ilivunjika, nikatengenezewa na fundi wa kijijini. Labda ndiyo mbaya." Nikolausi akaichukua, akaipima kwa rula, akajaribu kuipinda kwa nguvu zake zote, isipinde. "Fimbo hii ni nzuri kuliko zetu," akasema. "Fimbo haina kosa." Kisha akatueleza. Mtoto bado mdogo na mguu bado ni laini, kwa hiyo afungwe hogo tena mara nne au tano na utanyooka. Lakini tukichelewa mpaka mifupa ikomae, itabaki upasuaji mkubwa, na mguu uliopasuliwa hivyo hukakamaa. Alituambia tuanze Jumatatu.

Tulipofika nyumbani Restituta aliichomeka ile fimbo pamoja na viatu vyake darini, akachukua jembe akaenda shambani. Jumatatu ikafika, na jua likapanda, naye akawa amekaa uani anapepeta maharage. Nikamuuliza kama haendi.

"Siendi, mama." Aliendelea kupepeta. "Nimemfunga miezi sita. Sikuruka siku hata moja, hata nilipoumwa. Kama mguu umerudi pamoja na yote hayo, basi huu mguu hauponi. Nimpeleke tena, afungwe, alie wiki tano, halafu urudi tena? Wewe ulisema mwanzoni tumwache. Ulikuwa sahihi."

Nilikuwa nimesubiri kuyasikia maneno hayo tangu siku Festo alipomleta nyumbani. Nilipoyapata sikuyataka. Fausta alikuwa anamfukuza kuku, akikanyagia ubavu wa mguu, na pale anapokanyagia ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Hakulia, kwa sababu hakujua kwamba kuna namna nyingine ya kutembea.

Niliogopa. Sitaki kujipamba hapa. Niliogopa kwamba Festo atanichukia, nikaogopa midomo ya wanawake wa Balangdalalu, nikaogopa kwamba mjukuu wangu hatalala tena kwangu. Nilizunguka na woga huo tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Kisha nikaenda nikakaa mbele ya Restituta, chini kabisa kwenye udongo, mahali ambapo mama mkwe hakai mbele ya mkamwana wake.

"Hukuruka siku hata moja," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa navifungua."

Hakuelewa. Ikabidi niseme yote, kwamba ilikuwa kila usiku, tangu Desemba, kwa sababu ya mkono wa Gwandu na maziwa ya mke wake, na kwamba kila alfajiri nilimvalisha tena ili asijue.

Restituta hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka ungo chini, akabaki akinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza sura yangu. "Mbele ya kina mama wote wale," akasema. "Nimeitwa mwongo mbele yao, na wewe umekaa pale." Kisha akalia. Alikuwa ameamini kwamba ameshindwa kumtunza mtoto wake, akaibeba imani hiyo siku nyingi peke yake, na sasa alikuwa anaitua. Alipomaliza kulia aliniambia kwamba kuanzia siku ile Fausta atalala kwake. Nikasema sawa.

"Lakini mguu unapona, Restituta," nikasema. "Uliponyooka mara ya kwanza ulinyooka kweli. Usiuache kwa kosa langu."

"Nitaondoka kesho," akasema. Hakunitazama tena jioni ile.

Aliondoka kweli, akakaa tena kwa shangazi yake. Nilibaki na boma, na ng'ombe, na ngozi yangu ya kulalia ambayo ghafla ilikuwa kubwa mno. Festo alipopata habari alipiga simu kwa jirani mwenye simu, nikaitwa, nikasikia akipumua upande wa pili, kisha akakata. Sikumlaumu.

Wiki ya tano Restituta alirudi na mtoto, mguu uko ndani ya hogo la mwisho. Mguu umekubali, alisema. Hogo likifunguliwa atavaa viatu vikubwa zaidi, navyo amepewa, ila fimbo za kipimo chake zimekwisha mpaka ziletwe kutoka Arusha, na hakuna anayejua zitakuja lini. Nikolausi alikuwa amesema fundi yule yule atengeneze nyingine.

"Nenda wewe," Restituta akaniambia, akanipa mtoto na viatu.

Nilimbeba Fausta mgongoni, hogo lake likinigonga nyonga kila hatua. Zaidi ya miaka thelathini nimeuona moshi wa boma lile kwa mbali, na sikujua hata mlango wake unatazama wapi. Gwandu alikuwa nje kwenye mvukuto wake. Ni mzee, labda ananizidi miaka michache. Aliponiona alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, kama wanavyofundishwa tangu utotoni kutupisha.

"Habari za nyumbani, mama?" akasema akiwa kule kule.

"Nzuri, mzee. Nimekuja na mtoto. Anahitaji fimbo nyingine, ile ya mwanzo amekua ameiacha."

Alilitazama hogo, akatikisa kichwa. "Hapana. Mtafute fundi mwingine. Katesh kuna wachomeleaji siku hizi."

"Hospitali wamesema wewe."

"Nilisikia mguu umerudi," akasema. "Habari ilifika mpaka mnadani." Akavitazama viganja vyake. "Mama, maisha yangu yote nimewaambia watoto wangu kwamba hayo ni maneno ya watu tu, kwamba mikono yetu ni mikono kama mingine. Halafu nimemshika mtoto mmoja wa watu, mmoja tu, na mguu wake ukaharibika. Tangu nisikie habari ile hata wajukuu zangu sijawashika."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wa kiume wa kama mwaka mmoja kiunoni. Yule mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kwa babu yake, na babu yake hakugeuka.

Nilikuwa nimemfikiria Fausta, nikamfikiria Restituta, na mwenyewe nikajifikiria kupita kiasi. Huyu mtu sikuwa nimemfikiria hata siku moja. Nilimshusha Fausta, nikavuka zile hatua mbili alizorudi nyuma, nikasimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mkaa kwenye nguo zake.

"Gwandu," nikasema, "chuma chako hakikuvaliwa. Hakikulala kwenye mguu huu hata usiku mmoja. Nilikuwa nakivua kwa sababu umekifua wewe. Mguu huu niliuharibu mimi."

Angenifukuza ningeondoka.

"Miezi yote ile?" akauliza.

"Miezi yote."

Alikaa polepole kwenye gogo lake. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuomba. Alimwita mke wake, akampokea mjukuu, akampakata. Akamshika mguu mmoja, kisha wa pili, akapapasa vidole vyake vidogo kimoja kimoja, na mtoto akacheka kwa kutekenywa. Nilisubiri nimesimama. Hakuna aliyenikaribisha kukaa.

Alipomaliza alimrudisha mtoto kwa bibi yake, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaniambia nimlete Fausta ampime. Nikamnyanyua, nikamweka mwenyewe mikononi mwake.